Rejeta ya Lori Mezani Kwangu

Kompyuta yangu ilizimika Jumatatu mchana, kazi ikiwa imebaki robo. Haikutoa moshi wala onyo. Feni zilivuma kama mashine ya kukoboa, kisha kimya, na kwenye kioo cheusi nikajiona mwenyewe: mdomo wazi, kifua wazi, taulo shingoni. Si picha ya kumtumia mkwe.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu wana tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake wanalo tayari.

"Imekufa tena?"

"Imepumzika."

"Haya. Na wewe ukapumzikie Dar."

Hakucheka aliposema hivyo. Ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Mimi ni mtu wa ndani. Wapo watu wakikaa nyumbani siku mbili wanaumwa. Mimi nikitoka siku mbili ndiyo naumwa. Tangu nimalize kidato cha nne, kwa matokeo ambayo marehemu baba aliyasoma mara mbili akidhani kuna ukurasa mwingine, nimejifunza jambo moja tu la kunipa riziki nikiwa nimekaa: kuchora nyumba kwenye kompyuta. Mtu hajanunua hata tofali, lakini namwonyesha nyumba yake imesimama, mpaka kivuli cha mlango kinaonekana. Wateja wangu ni walimu, wauza mpunga na mafundi ujenzi wa hapa Kilosa. Wananisifu, wanakwenda zao, wanajenga kitu kingine kabisa.

Wiki mbili kabla ya hapo ofisi moja ya Dar es Salaam, inayowachorea wenye hoteli, ilinipa jaribio. Filamu ya dakika mbili ya loji itakayojengwa upande wa Mikumi. Mtazamaji atembee toka getini mpaka barazani kana kwamba anatumia miguu yake. Iwafikie Ijumaa ya wiki hii saa sita mchana. Nikiweza, watanipa kazi kila mwezi nikiwa hapahapa Kilosa. Nisipoweza, mimi na mke wangu tulishakubaliana, maana yake yeye alisema na mimi nikatikisa kichwa, kwamba Jumatatu inayofuata nakwenda Dar kwa kaka yake mwenye duka la fotokopi. Yeye angebaki na shule yake. Tungekuwa watu wa kuonana likizo. Katika miaka sita ya ndoa tulikuwa hatujalala mbalimbali isipokuwa kwa ajili ya msiba.

Filamu ya namna hiyo kompyuta huichora picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde. Kwa mashine yangu ni kazi ya saa thelathini na sita bila kusimama. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimeiacha izikusanye zote ndani ya faili moja. Ilipozimika, zote zilikwenda na maji. Nikajifunza, nikaipanga upya kila picha ihifadhiwe peke yake. Ila kujifunza hakupoozi mashine.

Maana shida ilikuwa joto. Nyumba yetu ni ya bati, na Kilosa mwezi wa kumi inajulikana. Feni ya kompyuta inapuliza hewa ya sebuleni, na hewa ya sebuleni kwetu saa nane mchana ungeweza kuanikia dagaa. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ikifika digrii mia inajizima isife.

Dawa yake nilikuwa naijua: maji. Yanapita juu ya prosesa ndani ya kipande cha shaba ambacho wauzaji wanakiita bloku, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta yenye feni, yanapoa, yanarudi. Kama kwenye gari. Nilikuwa nimeanza kukusanya vipuri miezi kadhaa kabla, polepole, na nilichokuwa nimejifunza ni kwamba vipuri hivi ni kama wakwe. Kila mmoja akiwa peke yake ni mtu mwema. Kazi ni kuwakalisha mkeka mmoja. Bloku ya kwanza niliyoletewa toka Morogoro ilikuwa ya prosesa za ukoo mwingine. Matundu yake ya skrubu yalipishana na ya mazabodi, bamba kuu la kompyuta, kwa upana wa punje ya mchele, na punje ya mchele ndani ya kompyuta ni safari ndefu. Ya pili iliingia. Pampu ndogo nayo nikapata, inayokula umeme uleule unaotoka ndani ya mashine. Kilichobaki ni rejeta na viungio. Rejeta ya kompyuta ingetoka Dar na kufika Jumatatu inayofuata, siku ambayo na mimi ningekuwa nawasili Dar. Tungepishana njiani.

"Si una kaka mwenye marejeta?" mke wangu akasema, bila kuinua macho kwenye madaftari.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa malori Mikumi, gereji iko pembeni ya barabara kuu. Jumanne asubuhi nikapanda gari, nimepakata bloku ndani ya kanga kama mayai. Pale Ulaya, kijiji cha njiani, ilikuwa siku ya gulio, baiskeli zimeziba njia, tukasimama. Nikapiga hesabu kwa mara ya kumi: ukirudi nyuma saa thelathini na sita kutoka Ijumaa mchana, unaangukia usiku wa manane wa Jumatano. Mashine ikiwashwa baada ya hapo, hata nikiipepea kwa ungo, haiwahi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Jamani, njooni muone! Mwali katolewa!"

Mafundi watatu wakaacha kazi. Mmoja akapiga kigelegele kama shangazi wa bibi harusi, mwingine akagonga boneti kwa spana kuwa ngoma. Kaka amekuwa akiniita mwali tangu nikiwa na ndevu tatu, kwa sababu kwetu anayekaa ndani kiasi hicho ni binti anayefundwa, na hata yeye siku zake zina mwisho.

Nikamweleza shida. Akasikiliza, kisha akavuta rejeta moja inayong'aa. "Chukua hii. Nyepesi, haijachoka."

Nikaikwaruza pembeni kwa ncha ya msumari. Ndani nyeupe. "Hii alumini, kaka."

"Alumini ndiyo ya kisasa."

"Bloku yangu ni shaba. Shaba na alumini vikikaa kwenye maji mamoja, vinakulana."

"Vinakulana?"

"Taratibu. Alumini inaoza, uchafu wake unakwenda kuziba shaba."

Kaka akawageukia wenzake. "Mnasikia? Mwali kafundwa, si mchezo!"

"Mbona magari yanachanganya?" fundi mmoja akauliza.

"Magari yanawekwa dawa kwenye maji. Mimi natumia maji ya betri tu, yale yasiyo na chumvi."

Nilijibu kwa sauti ya mtu mzima, mkono kiunoni. Nakiri nilifurahia. Ni mara chache mtu wa ndani kupata la kuwafundisha watu wa barabarani, na nililifundisha lote, mpaka wakaanza kutazamana.

Tukazunguka nyuma ya gereji, kwenye lundo la vyuma. Malori mengine ya zamani huja kutoka nchi za baridi na rejeta ndogo ya kumpashia dereva joto miguuni. Huku kwetu hakuna anayeitaka. Wanaing'oa na kuitupa. Kaka akaivuta moja iliyojaa masizi, ukubwa wa sinia la chai. Nikaikwaruza. Ndani nyekundu. Shaba kwa shaba.

Ila midomo yake ilikuwa minene kama kidole gumba, na ya bloku myembamba kama kidole cha mwisho. Tulihitaji viungio vya kushusha ukubwa. Kaka akaleta cha alumini, nikakataa. Akaleta cha chuma, nikasema kitashika kutu. "Basi subiri nikavunje jino la dhahabu la mzee wangu wa stoo," akasema, na safari hii hakuwa anatania sana. Mpaka saa nane tulikuwa tunapekua makopo. Vya shaba vikapatikana viwili, kwenye injini iliyokuwa imelala hapo muda mrefu mpaka kuku walikuwa wanatagia.

Kupima rejeta wao wana njia yao. Unaziba mdomo mmoja kwa dole gumba, unapuliza kwa mdomo wa pili, huku imezamishwa kwenye pipa la maji. Kaka akapuliza, mashavu yamemjaa. Kwenye pembe moja ukatoka uzi mwembamba wa mapovu.

"Hicho kidogo," akasema. Akachomea risasi palepale, wenzake wamemzunguka, mimi nimemzunguka zaidi. "Haivuji tena hiyo. Na kesho nakuja mwenyewe kuifunga. Siwezi kukuachia rejeta yangu ukaitie aibu."

Jumatano alifika mapema na begi la spana ambazo ndogo kuliko zote ilikuwa kubwa kuliko kompyuta. Tukafunga. Nilipaka pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikakaza bloku skrubu kwa skrubu, kona kwa kona. Rejeta ya lori ikasimama juu ya meza, imeegemea ukuta kama mgeni asiyeambiwa akae. Maji yakapita kwenye kopo la siagi ya karanga nililolitoboa kifuniko. Chini ya kila kiungio nikaviringisha karatasi ya chooni, kwa sababu tone likidondoka karatasi inaonyesha, na tone likidondokea mazabodi yenye umeme, hiyo ndiyo safari ya Dar.

Pampu ikawashwa peke yake toka kwenye kisanduku cha umeme cha mashine, kompyuta yenyewe imezimwa. Kipimo changu kilikuwa muda wa saa tatu bila tone. Ilipotimia saa moja ya kupima, mapovu yakawa yametoka na maji yamepungua kwenye kopo, na chupa ya maji ya betri ilikuwa imebaki tupu. Ilibidi niende dukani, kule karibu na stesheni.

Nilitaka kumwambia kaka, "Usiguse kitu." Lakini kaka mkubwa haambiwi hivyo, hata kama umemzidi kujua, na hasa kama jana yake umemzidi kujua mbele ya wenzake. Nikasema, "Kaka, naomba uniangalizie." Nikaondoka. Nilimwacha fundi wa barabarani peke yake na rejeta yenye maji, sawa na kumwacha paka na samaki kisha kumwomba akuhesabie.

Niliporudi alikuwa amekaa mkekani, anakunywa chai.

"Vipi?"

"Kavu."

Karatasi zote kavu kweli. Nikaongeza maji haraka, macho yangu yakiwa kwenye karatasi, nikafunika kopo. Saa tatu zikatimia. Saa kumi jioni nikawasha mashine, nikaanzisha filamu, nikasimama mbele ya kioo kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne mara ya pili. Digrii hamsini na nane. Sitini. Sitini na mbili. Ikakaa hapo. Kila picha chini ya dakika moja. Ningemaliza Ijumaa alfajiri, na saa nane za ziada mfukoni.

"Kwa hiyo lori limeingia sebuleni kwangu," mke wangu akasema aliporudi shuleni.

"Imeingia rejeta tu, shemeji," kaka akajibu. "Likiingia lote, utahama wewe."

Tulicheka. Niliingia kulala nimetulia.

Alhamisi kulipokucha, kitu cha kwanza nilichokiona ni namba: sabini na tisa. Nikadhani nimesoma vibaya kwa usingizi. Nikanawa, nikarudi. Themanini na moja. Picha moja sasa ilikuwa inachukua zaidi ya dakika, maana prosesa ikizidiwa hujipunguzia mwendo yenyewe. Kufika saa mbili asubuhi ilikuwa themanini na sita. Nikafunua kopo la siagi. Maji yalikuwa ya njano.

Nikaketi. Shaba haitoi njano ile kwa usiku mmoja; kwa hiyo kitu fulani ndani kilikuwa kinaliwa. Nikaanza kuvipitia vipuri kichwani, kimoja kimoja. Bloku, niliikwaruza. Rejeta, niliikwaruza. Viungio, nilivikwaruza. Pampu? Pampu sikuikwaruza ndani. Nilisimama mbele ya mafundi wanne mkono kiunoni nikahubiri shaba na alumini, kumbe sijui tumboni mwa pampu yangu mna nini. Niliiona safari ya Dar, nikaona mashine ya fotokopi, nikamwona shemeji yangu ananifundisha kuchomoa karatasi iliyokwama.

Kaka alikuwa barazani, anapiga mswaki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, basi. Hakuniita mwali. Hakunitania chochote asubuhi nzima. Ningekuwa na akili ningejua hapo.

Mke wangu akapita sebuleni amevaa tayari kwenda shule. Akasimama. Akanusa.

"Nani kapika mchuzi saa hizi?"

"Mchuzi gani?"

Alisogea mezani, akafungua kopo, akachovya kidole, akakinusa. Akakitazama kile kidole kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii manjano."

"Manjano ipi?"

"Manjano yangu ya kwenye kopo la jikoni, ambayo jana nimeikuta imefunguliwa nikakulaumu wewe moyoni."

Tukageuka wote wawili kutazama barazani. Kaka alikuwa ameacha kupiga mswaki.

"Ilikuwa tone moja tu," akasema. "Pale kwenye pembe. Ulipokwenda dukani. Nikatia nusu kijiko, ikaziba. Lori lenye mzigo linakwenda nayo mpaka Tunduma."

Madereva wa njia ile wote wanaijua dawa hiyo. Rejeta ikitoboka porini, unatia manjano, unga wake unafuata maji mpaka kwenye tundu, unajaa hapo, safari inaendelea. Kwenye rejeta ya lori, njia za maji ni pana kama mrija wa soda. Ndani ya bloku ya kompyuta ni nyembamba kuliko meno ya kitana cha chawa. Manjano ilikuwa imeliziba tundu, kisha ikaenda kuuziba ubongo.

Nilifungua mdomo. Kaka ananitangulia miaka tisa. Alinibeba mgongoni kwenda zahanati nikiwa na degedege. Nikaufunga.

Mke wangu hakuwa na shida hiyo, maana shemeji kwa shemeji utani una ruhusa ya kubeba chochote. "Shemeji," akasema kwa sauti ya kipindi cha kwanza, "mimi manjano natia kwenye wali. Wewe hata kwenye wali nisikuone. Ukija tena hapa nakufungia nje na spana zako, utakula kwa majirani."

"Haki yako, shemeji."

"Kwa nini hukusema jana?"

Kaka akatema povu, akajifuta taratibu. "Ningemwambiaje mdogo wangu kwamba nimechomea vibaya? Nilishasema mbele ya watu wote haivuji."

Hapo hasira zangu zikakosa pa kukaa. Juzi yake mimi pia nilikuwa na watu wote mbele yangu.

Ila saa hazikuwa zinatusubiri tupatane. Nikapiga hesabu. Tukiiacha hivyohivyo, kwa mwendo ule wa kujikokota, filamu ingeisha Ijumaa jioni. Tukiisimamisha tuisafishe, ilibaki kazi ya saa ishirini na tano, na kama kitu kingevunjika tukiwa tumefungua, hakuna filamu kabisa. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

"Zima," mke wangu akasema. "Mtoto akiwa na homa humwachi amalize mtihani." Akachukua begi lake, akaenda shule.

Nikazima.

Kaka akaipeleka rejeta uani, akaiosha kwa maji ya moto na malimau mpaka yakatoka meupe. Mimi nikafungua bloku. Meno yote ya shaba yalikuwa yamejaa uji wa njano, umegandamana kama ukoko. Nilisugua kwa mswaki wangu mwenyewe, uelekeo wa meno, polepole, maana jino moja likilala linaziba njia yake. Saa nne ikapita. Saa tano. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mpishi wa shughuli.

Kisha pete ya mpira ikagoma. Ni uzi mwembamba unaokaa kwenye mfereji kuzunguka bloku kuzuia maji yasitoke. Joto la usiku lilikuwa limeutanua. Ukiingiza upande huu, unatoka upande ule. Nilijaribu mara sita. Na pete ile isipokaa, maji yote yanamwagikia mazabodi.

Kaka akaja akasimama nyuma yangu, mikono imelowa. Sikugeuka.

"Kaka," nikasema, "hii imenishinda."

Akakaa. Akaitumbukiza pete kwenye maji ya mtungi, akangoja. Akaibana kwanza kwenye pembe nne kwa vidole vinne, vidole vinene kama mihogo, nikafumba macho. "Usianze mahali pamoja ukaifukuza," akasema. "Shika pembe nne. Katikati itajileta." Ikajileta.

Lile tundu la rejeta, manjano ilipotoka, lilirudi vilevile. Safari hii kaka alikwangua masizi mpaka shaba ikawa nyekundu kama jeraha, ndipo akawasha mkaa na kuchomea. "Juzi nilichomea juu ya masizi," akasema akiwa ameinamia moto. "Nilikuwa naharakisha. Ulikuwa umenisimamia kama mkaguzi."

Nikampepea moto.

Muda wa kupima saa tatu haukuwepo. Tulipima robo saa, wote wawili tumepiga magoti tunatazama karatasi za chooni kama watu wanaosoma barua. Kavu. Saa sita na nusu mchana nikaunganisha umeme, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Sitini. Sitini na moja. Ikatulia.

Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kazi ya saa ishirini na tano haiingii kwenye saa ishirini na tatu na nusu, na bado kuna kuituma, kwa intaneti yetu ya simu ambayo mvua ikinyesha kule Munisagara inashtuka. Nikaitazama filamu kipande kwa kipande nikitafuta pa kukata. Sekunde nane za mwisho ndizo nilizozipenda kuliko zote: mlango unafunguka, mtazamaji anatoka barazani, milima inamjia usoni. Niliwahi kukaa siku tatu nazichora nyasi za pale. Nikazikata. Filamu itaishia mlango unapofunguka, mtu asione kilichoko nje. Mke wangu aliporudi nilimweleza, akasema, "Kama wewe mwenyewe, basi. Unafika mlangoni unarudi."

Kutoka hapo hadi Ijumaa hakuna aliyekaa mbali na meza ile. Tuliachiana zamu. Mke wangu alisahihisha madaftari pembeni ya rejeta, na kila alipogeuza ukurasa aligusa karatasi ya chooni kwa kidole. Kaka alikaa bila simu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mara moja, Alhamisi jioni, umeme ulipepesa. Taa ikafifia, ikarudi. Mashine haikuzimika. Kaka akasema, "Mimi narudi kwenye malori. Malori yana huruma."

Ijumaa saa tano na dakika chache picha ya mwisho ilikamilika. Nikaziunganisha, nikaanza kutuma. Ule mstari wa kuonyesha imefika wapi ulitembea kama mzee anayepanda mlima. Saa tano na nusu, nusu. Kaka akavaa kanzu ya kwenda Ijumaa, akasimama mlangoni, akashindwa kutoka. Saa sita kasoro robo, robo tatu. Ukasimama. Nikashika simu nikaiinua juu ya kichwa, nikapanda kwenye kiti, nikapanda juu ya meza, kichwa kimegusa dari, rejeta ya lori katikati ya miguu yangu. Ukaanza tena. Saa sita kasoro dakika tano ikafika.

"Imekwenda," nikasema kutoka juu ya meza.

Kaka akatoka mbio, makubazi mkononi.

Mke wangu alirudi shuleni mapema siku ile, bila kueleza alivyotoroka. Tulikaa. Hakuna mwenye kula. Saa saba na dakika ishirini simu ikatetemeka. Nilimpa yeye asome.

"'Filamu inakatika mlangoni. Kwa nini?'" akasoma.

Niliwaza uongo wa aina tatu, wote mzuri. Kisha nikaandika kwamba mashine ilipata joto, tukaitengeneza, muda ukatupita, na sekunde nane zimebaki. Naweza kuzituma leo jioni. Nikabonyeza kabla sijabadili.

Jibu lilikuwa halijaja kaka aliporudi kutoka msikitini, akakaa mkekani bila kuuliza, akasoma nyuso zetu.

Simu ikatetemeka. Mke wangu alisoma kwanza kimoyomoyo, midomo inacheza. Uso wake haukubadilika.

"'Sawa,'" akasoma kwa sauti. "'Zitume. Jumatatu tunakuletea kazi nyingine, ya Iringa.'"

Akaisoma mara ya pili, polepole, kama anayemsomea mtoto imla. Kisha akaweka simu chini, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheza na sikujua kama ni kicheko. Kaka akainuka akaenda uani, akatuachia.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nilikuwa nimefika kwenye neno la kwanza, alipofunua uso.

"Wewe, unakaakaa hapo," akasema, macho mekundu. "Hizo sekunde nane zinajichora zenyewe?"

Nikawasha. Alivuta kiti akakaa kando yangu, na picha ya kwanza ya baraza ikaanza kutokea kutoka juu kushuka chini: paa, kisha nguzo, kisha kipande cha mlima.